Manowari ya Bomba Tatu: Kutoka Kiel hadi Uwanda wa Makonde

Novemba 1916, nahodha mmoja wa jeshi la majini la Ujerumani alikuwa Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde, amewazingira Wareno waliojifungia ndani ya boma. Jina lake Max Looff. Meli yake ilikuwa imekwisha lala kwenye tope la Rufiji tangu mwaka uliotangulia, mabaharia wake walikuwa wamegeuka askari wa miguu, na mizinga iliyokuwa imefungwa sitahani ilikuwa imetiwa magurudumu na kutawanywa nchi nzima.

Meli hiyo ni Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu. Habari zake husimuliwa mara nyingi kama habari za ushujaa wa Wajerumani au werevu wa Waingereza. Mimi naziona zaidi kuwa habari za upungufu. Kila zilipogeuza mwelekeo, ziligeuzwa na kitu kilichokosekana: kwanza makaa ya mawe, kisha maji ya kunywa, na mwisho mabega ya kubebea mizigo.

Moshi bandarini, 1872–1899

Manowari za mvuke hazikuanza na Wajerumani katika pwani hii. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangamiza meli za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini. Barghash akaagiza nyingine Uskoti, ikajengwa na kampuni ya Denny na kushushwa majini mwaka 1878. Ikaitwa Glasgow. Ilikuwa nzuri kwa kutazamwa, ila muda mwingi ilikaa imetia nanga mbele ya jumba la Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, Waingereza waliizamisha pale pale ilipokaa. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi.

Wajerumani nao waliingia kwa mlango huo huo wa manowari. Agosti 1885 meli zao za vita zilijipanga mbele ya Unguja na kumlazimisha Barghash akubali madai yao ya bara. Mei 1890 kamanda wao Hermann von Wissmann akaziteka Kilwa, Lindi na Mikindani akisaidiwa na mizinga ya melini.

Lakini kombora la manowari lina mwisho wake. Ukitoka Lindi ukapanda uwanda, uko nchi nyingine. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa na ngome yake Luagala, alimjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili kwamba haoni sababu ya kumtii, na kwa miaka tisa hakuna manowari iliyoweza kumfanya lolote. Mwaka 1899 tu, baada ya majeshi ya nchi kavu kumwandama, ndipo alipovuka mto Ruvuma kwenda upande wa Wareno.

Meli yenye njaa, 1905–1914

Mwaka 1905 una mambo mawili yasiyojuana. Huku kusini vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilifika Masasi, na misheni ya Waingereza ya UMCA, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, ikachomwa moto. Huko Kiel, Ujerumani ya kaskazini, mafundi walianza kuunda manowari mpya mwezi Januari na kuishusha majini mwezi Desemba, wakaipa jina la mji wa Königsberg. Ilianza kazi rasmi Aprili 1907.

Ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga 10 ya sentimita 10.5, na watu zaidi ya 300. Ndani yake mlikuwa na boila 11 za makaa ya mawe zilizoendesha injini mbili za mvuke. Ikienda kwa nguvu zake zote ilifika noti 24, mwendo ambao manowari kuukuu za Waingereza katika Bahari ya Hindi hazikuweza kuuota.

Kasi hiyo ilikuwa na gharama. Boila 11 hula makaa usiku na mchana, na meli isiyo na makaa ni boya kubwa tu. Uingereza ilikuwa na vituo vya makaa karibu kila upande wa bahari hii: Aden, Bombay, Mombasa, Unguja, Durban. Ujerumani ilikuwa na Dar es Salaam, na hata huko makaa yaliletwa kwa meli kutoka nje. Königsberg iliingia bandari hiyo mwanzoni mwa Juni 1914 ikiwa chini ya Looff. Watu walijazana ufukweni kuitazama. Walihesabu mabomba matatu ya moshi, na jina likapatikana hapo hapo.

Mawindo ya wiki saba, 1914

Vita Kuu ya Kwanza ilipokaribia, Looff alijua kwamba akikutwa ndani ya bandari atafungiwa. Tarehe 31 Julai aling'oa nanga. Nje alikuta manowari tatu za Waingereza zikimngoja: Astraea, Hyacinth na Pegasus. Aliwasha boila zote, akazipita, akapotelea baharini.

Mawindo yake ya kwanza yalikuwa City of Winchester, meli ya mizigo ya Waingereza iliyokuwa imebeba chai, aliyoikamata karibu na Oman tarehe 6 Agosti. Chai haikumfaa kitu. Alichokitaka ni makaa yaliyokuwamo, akayahamisha kwenye visiwa vya Khuriya Muriya kisha akaizamisha meli. Hayakutosha. Waingereza walikuwa wamekwisha nunua makaa yaliyopatikana katika bandari za Msumbiji, makusudi asipate hata gunia. Aliyemwokoa ni Somali, meli ya Wajerumani iliyotoroka Dar es Salaam na shehena yake ya makaa.

Kurudi nyumbani nako hakukuwezekana. Tarehe 8 Agosti Astraea iliupiga mizinga mnara wa redio wa Dar es Salaam, na Wajerumani wenyewe, kwa hofu ya kuvamiwa, wakazamisha chelezo kubwa kwenye mlango wa bandari. Adui alizuiliwa asiingie, na manowari yao pekee ikazuiliwa pamoja naye. Naona uamuzi huo ndio ulioiua Königsberg, ingawa ilichukua miezi 11 kufa. Septemba 3, maji yakiwa yamejaa, Looff aliingiza meli katika delta ya Rufiji mpaka Salale, mahali ambapo ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa yaweza kupita.

Kutoka huko alitoka mara moja tu. Wapelelezi wa pwani walileta habari kwamba manowari ya Waingereza imeingia Unguja. Ilikuwa Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake. Alfajiri ya Septemba 20 Königsberg ilitokea kusini mwa bandari na kufyatua. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika ilipo Königsberg, kwa hiyo haikuwa vita vya kujibizana. Waingereza 38 walikufa na Pegasus ikazama siku hiyo hiyo, katika bandari ile ile iliyoimeza Glasgow miaka 18 kabla. Mabaharia wake kadhaa wamezikwa kisiwani Chapwani.

Ilipogeuka kuondoka, injini moja ya Königsberg ikaharibika.

Rufiji, Oktoba 1914 – Julai 1915

Karakana pekee iliyoweza kutengeneza kitu kikubwa namna ile ilikuwa Dar es Salaam. Vyuma vikafunguliwa, vikaburutwa na watu kwa njia ya nchi kavu hadi mjini, vikatengenezwa, vikaburutwa tena hadi Rufiji. Vitabu vya vita hulipitisha jambo hili kwa mstari mmoja. Ukitaka kujua uzito wa mstari huo, tembea kutoka Dar es Salaam hadi Utete wakati wa mvua, mikono mitupu.

Injini ilipokuwa tayari, Waingereza walikuwa wamefika. Manowari yao Chatham iliigundua Königsberg Oktoba 30. Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, kuziba mlango mmoja wa delta. Wakaleta ndege, jambo geni kabisa katika anga hili. Wakamtuma Pieter Pretorius, mwindaji aliyekuwa akiujua mto huo, apime vina vya maji na kutafuta njia. Januari 1915 waliteka Mafia ili ndege ziwe na mahali pa kurukia.

Ujerumani nayo haikukaa kimya. Meli ya Rubens ilizunguka Afrika ikiwa imejifanya ya Denmark, imebeba makaa ya kuiwezesha Königsberg kuvunja kizuizi na kurudi kwao. Aprili 1915 Hyacinth iliifukuza hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Bunduki na risasi nyingi ziliokolewa baadaye kwa kupiga mbizi. Makaa hayakufika Rufiji, na bila makaa hakukuwa na kurudi.

Ndani ya mikoko homa ilikuwa ikiwamaliza mabaharia. Wengine walikwisha chukuliwa na Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la nchi kavu, kuongeza vikosi vyake. Kisha zikaja Severn na Mersey, meli mbili fupi zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazil, zenye uwezo wa kuelea kwenye maji machache, zilizovutwa kwa kamba kutoka Malta. Tarehe 6 Julai zilishindwa. Tarehe 11 Julai, zikiongozwa na ndege iliyoonyesha makombora yanaangukia wapi, zilifaulu. Looff alijeruhiwa. Akaamuru meli ilipuliwe kwa topido yake yenyewe, ikakaa chini mtoni ikiwa imeinama.

Mizinga yapata magurudumu

Waingereza walidhani mambo yamekwisha. Wapiga mbizi wa Wajerumani wakashuka mtoni na kuitoa mizinga yote 10, ikaburutwa hadi Dar es Salaam, na mafundi wa karakana wakaitengenezea vibebeo vyenye magurudumu. Katika Afrika Mashariki yote ya wakati ule hakukuwa na mizinga ya nchi kavu inayoifikia kwa ukubwa na umbali.

Kuanzia hapo manowari iko kila mahali. Mzinga mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen huko Kigoma, meli ambayo leo ni MV Liemba. Mwingine ulilipuliwa na Wajerumani wenyewe Kahe, Machi 1916, walipoukimbia uwanda wa Kilimanjaro. Iliyobaki ilisogea kusini kadiri jeshi la Lettow-Vorbeck lilivyorudi nyuma. Mwezi huo huo wa Machi meli nyingine ya Wajerumani, Marie, iliponyoka na kuingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikishusha mizinga, bunduki na makombora. Shehena hiyo nayo ilipanda bara juu ya vichwa vya watu.

Newala, Oktoba – Novemba 1916

Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno Machi 1916. Wareno walianza kwa kuchukua Kionga, kipande kidogo cha ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani. Septemba, chini ya Jenerali Ferreira Gil, walivuka mto wenyewe, wakapanda uwanda, na tarehe 26 Oktoba wakaingia Newala.

Aliyesimama ukingoni pa Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, ataelewa kwa nini boma lilijengwa huko. Ardhi inakatika ghafla, na chini yako bonde lote la Ruvuma limetandazwa hadi Msumbiji. Mwenye kukaa hapo humwona adui akiwa bado mbali sana. Wareno walidhani wamepata ngome.

Kumbe walikuwa wamejifungia mahali pasipo na maji. Mchanga wa uwanda wa Makonde hunywa mvua yote. Juu hakuna mto wala kijito, na chemchemi hutokeza chini, kwenye miteremko. Ndiyo maana kwa vizazi wanawake wa Kimakonde walishuka na kupanda saa nyingi kwa ajili ya mtungi mmoja. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliliona hilo. Wenyeji hawakuhitaji kusoma kitabu chake. Bomba la maji la kutegemewa lilianza kupanda uwandani katika miaka ya 1950 tu.

Looff alikuwa amepewa kazi ya kuwatoa Wareno. Badala ya kukimbilia kuta, aliwakata na mahali pa maji. Kikosi cha Wareno kilichotoka nje kiliangamizwa katika mapigano ya porini, na waliojaribu kulinda chemchemi walifukuzwa. Ndani ya boma walibaki watu wenye kiu, huku makombora yakiwaangukia. Usiku wa kuamkia Novemba 28 walitoroka, wakashuka bondeni na kurudi ng'ambo ya Ruvuma, wakiacha nyuma mizinga ya milimani, bunduki za rashasha, mamia ya bunduki na hata magari.

Sijui kama Looff alikumbuka Rufiji alipokuwa akifanya hivyo. Aliyezingirwa miezi tisa kwa kunyimwa makaa aliwazingira wengine kwa kuwanyima maji, na yeye alishinda kwa siku chache tu.

Bonde la Lukuledi na mwisho wa mizinga, 1917

Ushindi wa Newala ulidumu mwaka mmoja kasoro siku chache. Waingereza walikwisha shuka Kilwa na Lindi, na katikati ya 1917 walianza kusukuma kwa nguvu kulifuata bonde la Lukuledi. Masasi ilikuwa ghala la nyuma la Wajerumani, Ndanda hospitali yao, na mashamba ya mtama na mihogo ya wakulima wa bondeni ndiyo jiko lao. Wamisionari Waingereza wa Masasi na baadhi ya wasaidizi wao Waafrika walikuwa wamewekwa kizuizini muda mrefu.

Mapigano makubwa yalikuwa Mahiwa, Oktoba 15 hadi 18. Waingereza, wakiwa na askari wa Nigeria na wa King's African Rifles (KAR) mstari wa mbele, walipoteza zaidi ya nusu ya watu wao waliopigana. Lettow-Vorbeck alishinda, na ushindi huo ulimmaliza. Watu aliopoteza hakuweza kuwafidia, na risasi nzuri zilikwisha. Mzinga wa melini usio na makombora ni mzigo unaohitaji mamia ya watu kuuvuta, kwa hiyo mizinga ya mwisho ya Königsberg ilinyamaza katika ukanda huu wa Lukuledi na Masasi.

Novemba jeshi lilijikusanya Chiwata, kisha Nambindinga, kwenye kingo za uwanda. Hapo Lettow-Vorbeck alichagua nani anaendelea. Wagonjwa, majeruhi na wote ambao asingeweza kuwalisha aliwaacha nyuma wajisalimishe. Miongoni mwao alikuwa Looff. Tarehe 25 Novemba waliosalia, Wajerumani wapatao 300, askari 1,700 na wapagazi 3,000, walivuka Ruvuma huko Ngomano na kuwapiga Wareno waliokuwa huko. Walikuwa na mizinga miwili midogo ya milimani, hakuna hata mmoja wa Königsberg. Siku tatu baadaye kikosi cha Theodor Tafel, kilichotoka Mahenge kwa miguu kuungana nao na kuwakosa kwa kitambo kidogo tu, kiliweka silaha chini kusini mwa uwanda.

Wakati huo huo msaada ulikuwa angani. Novemba 21 puto kubwa la kivita, L 59, liliruka kutoka Jambol, Bulgaria, likiwa na tani 15 za dawa, risasi na vifaa. Lengo lake lilikuwa uwanda wa Makonde. Halikutarajiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na mifupa yake ingetumiwa kwa kazi nyingine, kama manowari ilivyochinjwa na kugawanywa. Likiwa juu ya Sudan, magharibi ya Khartoum, lilipata amri kwa redio kwamba uwanda umepotea, ligeuke. Lilirudi Jambol baada ya saa 95 hewani. Watu wa Newala hawakupata kuliona.

Waliobeba

Kwenye vita hivi Waingereza pekee waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye Masasi ilikuwa ndani ya dayosisi yake, alikusanya wapagazi kisiwani mwaka 1916 na kutembea nao mwenyewe. Wengine hawakuwa na askofu wa kuwatetea. Majeshi yote mawili yalichukua chakula ghalani na vijana mashambani, na mwaka 1918 mafua makali yakaja juu ya miili iliyokwisha dhoofika. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inamwonyesha mtu mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi ya chini.

Mabaki ya Königsberg yaliuzwa kwa mvunja vyuma mwaka 1924, na kazi ya kuyakata iliendelea kwa vipindi hadi miaka ya 1960. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus. Mwingine uko Pretoria, kwenye Union Buildings. Masasi ikapata dayosisi yake mwaka 1926.

Wareno, ambao katika vita hivi walifukuzwa Newala na kupigwa tena Ngomano, ndio waliotoka na ardhi: mwaka 1919 mkataba wa Versailles uliwapa Kionga, na tangu hapo mpaka unafuata Ruvuma hadi baharini.